Ukuta Ulioachwa Uchi: Uchambuzi wa Kisa cha Kanisa la Sant Climent, Taüll

Kisa kwa ufupi

Kati ya mwaka 1919 na 1923, mafundi kutoka Italia walizunguka makanisa ya vijiji vya milima ya Pirenei, Katalonia, kaskazini-mashariki mwa Hispania. Walibandua michoro ya ukutani ya karne ya 12 na kuishusha Barcelona. Kazi hiyo iliagizwa na wasomi, wasanifu majengo na wakuu wa makumbusho waliokuwa wakikimbizana na wafanyabiashara wa vitu vya kale, na katika mbio hizo wakashinda. Leo michoro hiyo ipo, inatunzwa na inaonekana na kila anayetaka kuiona. Kilichopotea ni jengo.

Naelewa kwamba kauli hiyo itamshangaza aliyewahi kufika Taüll, maana kanisa bado limesimama: kuta zipo, paa lipo, na mnara wake ni miongoni mwa minara inayopigwa picha zaidi katika Pirenei yote. Uchambuzi huu unaeleza kwa nini naisema hata hivyo, na kwa nini bado naamini walioamua kubandua waliamua sawasawa. Mapadri wa parokia, wauzaji wadogo na wanakijiji sikuwataja kwa majina. Waliotajwa ni watu ambao sehemu yao katika jambo hili imo katika kumbukumbu za umma.

Usuli: jengo lilivyokuwa

Taüll ni kijiji cha bonde la Boí, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Kanisa la Sant Climent liko ukingoni mwa kijiji. Siku lilipotabarukiwa tunaijua kwa tarehe kamili, jambo ambalo ni nadra kwa majengo ya vijijini ya zama hizo: maandishi yaliyochorwa kwenye nguzo mojawapo ndani ya kanisa yanasema kwamba Ramon, askofu wa Roda na Barbastro, alilitabaruku tarehe 10 Desemba 1123. Kesho yake akatabaruku kanisa la pili la kijiji hicho hicho, Santa Maria. Ili msomaji wa pwani yetu apate kuiweka miaka hiyo mahali pake: maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni kizazi kimoja.

Kijiji kidogo cha wafugaji kilipata wapi uwezo wa kujenga makanisa mawili kwa mpigo? Bonde lilikuwa chini ya mabwana wa ukoo wa Erill, waliopigana upande wa wafalme wa Aragon, ufalme wa jirani, katika kuwanyang'anya Waislamu ardhi ya kusini, na wanahistoria wengi wanaona utajiri wa vita hivyo nyuma ya ujenzi huu. Makanisa ya bonde yamefanana sana hivi kwamba yanaonekana wazi kuwa ni mradi mmoja.

Mtindo wake ni Romaneski, usanifu wa Ulaya wa karne za 11 na 12, na ni ya Kilombardi, yaani ufundi ulioenea kutoka kaskazini mwa Italia pamoja na waashi wake. Ndani kuna kumbi tatu za kwenda mbele, zimetengwa na nguzo nene za mviringo, na juu yake paa la mbao la mteremko wa pande mbili. Hakuna kuba la mawe juu ya kumbi hizo. Upande wa mashariki kila ukumbi unaishia kwenye apsi, ile sehemu ya nusu-duara iliyo nyuma ya altare, na ya katikati ndiyo kubwa. Nje, chini ya ukingo wa paa la apsi, waashi waliweka mstari wa vitao vidogo vilivyojengewa ukutani, vikishuka kwa michirizi myembamba ya mawe, na hiyo ndiyo alama ya Kilombardi popote unapoikuta. Katika kuta kuna pia sehemu za kanisa la awali la karne ya 11, ambazo wajenzi waliziingiza katika kazi mpya badala ya kuzibomoa.

Mnara wa kengele umebanana na kona ya kusini-mashariki. Ni wa mraba, una orofa sita juu ya msingi wake, na madirisha ya matao mawili au matatu yaliyogawanywa na viguzo vyembamba. Wenye macho mazuri huona pia mabaki ya lipu na rangi kwenye mapambo yake. Jambo hilo lishikwe, tutalirudia.

Kisha kuna kile ambacho jengo lote lilielekezwa kwake. Apsi ya kati ilipakwa lipu ya chokaa na kuchorwa ingali mbichi, ufundi unaoitwa fresko: rangi hunyweshwa kwenye chokaa, na chokaa ikikauka hewani inageuka jiwe pamoja na rangi yake. Juu, kwenye nusu-kuba, ameketi Kristo katika utukufu, mkono wa kulia umeinuliwa kubariki, wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa chenye maneno ya Kilatini “EGO SUM LUX MUNDI”, Mimi ni nuru ya ulimwengu. Chini yake wamepangana Bikira Maria na mitume, na katikati yao kuna dirisha. Kwenye tao la mbele kuna Mwanakondoo mwenye macho saba, na pia Lazaro maskini, amelala mlangoni kwa tajiri, mbwa akimlamba vidonda. Buluu ya michoro hii imetoka kwenye aerinaiti, madini ya Pirenei yenyewe. Mchoraji hajulikani jina. Wataalamu wanamwita Bwana wa Taüll.

Tazama jinsi kazi hii ilivyofungamana na ukuta. Nusu-kuba imepinda kuelekea kwa anayesali, kwa hiyo Kristo anamwinamia aliye chini. Dirisha la apsi liko mashariki, na nuru ya asubuhi inaingia chini kidogo ya maneno “Mimi ni nuru”. Lazaro amewekwa kwenye tao ambalo macho ya waumini yalilipitia kila yalipoelekea altareni. Ukiziondoa picha hizi, unaondoa sababu ya apsi kuwa na umbo lile na dirisha kuwa pale.

Karne za kufichika

Hili nitalipita upesi. Ladha zilibadilika. Sehemu za kuta zilipakwa chokaa nyeupe, na mbele ya apsi ya kati ikasimamishwa retablo, ukuta wa mbao wenye picha za watakatifu, iliyoziba sehemu ya chini ya fresko. Bonde lilikuwa mbali na barabara na halikuwa na fedha ya kubomoa na kujenga upya kwa mtindo mpya, kama yalivyofanya maeneo tajiri ya tambarare. Umaskini ndio uliolihifadhi kanisa hili, na umaskini huo huo ndio uliolifanya baadaye liwe rahisi kununulika.

Matukio kwa mfuatano

*1907.* Mwaka huo iliundwa huko Barcelona Taasisi ya Taaluma za Kikatalani. Miezi michache baadaye ikatuma msafara kwenye mpaka wa Katalonia na Aragon. Walikuwemo msanifu Josep Puig i Cadafalch, msanifu Josep Goday, padri na mtaalamu wa sanaa Josep Gudiol i Cunill, mwanasheria Guillem Maria de Brocà, na mpigapicha Adolf Mas. Walipanda kwa nyumbu hadi bonde la Boí, wakapima majengo, wakapiga picha, wakaandika. Katika kijiji jirani cha Erill la Vall walikuta kundi la sanamu za mbao za Kristo akishushwa msalabani. Taasisi ikaanza kuchapisha michoro ya ukutani ya makanisa kwa toleo baada ya toleo, ikiwa na nakala za rangi zilizochorwa na Joan Vallhonrat.

Uamuzi wa 1907 ulikuwa wa kitaalamu tu: kuandikisha na kutangaza. Hakuna aliyefikiria kubandua. Lakini kitabu kizuri chenye picha za rangi kinafika pia kwa mnunuzi, naye akishakisoma anajua aende kijiji gani.

*1919.* Taarifa zilifika Barcelona kwamba fresko za kanisa la Santa Maria de Mur, katika wilaya ya jirani, zilikuwa zinabanduliwa. Mkusanyaji maarufu wa sanaa, Lluís Plandiura, alikuwa amezinunua, na mafundi waliokuwa kazini walitoka Italia wakiongozwa na Franco Steffanoni wa Bergamo. Picha za apsi kuu ya Mur ziliondoka Hispania, na mwaka 1921 zikanunuliwa na Jumba la Sanaa la Boston, Marekani, ambako ziko hadi leo. Hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ya Hispania ya wakati huo haikuwa na meno ya kuzuia parokia kuuza kilichomo ukutani mwake, na sheria madhubuti ya urithi wa taifa haikupatikana hadi 1933.

*1919 hadi 1923.* Bodi ya Makumbusho ya Barcelona, ambayo mtu wake mkuu katika jambo hili alikuwa mwanahistoria wa sanaa Joaquim Folch i Torres, iliamua kuchukua hatua. Ilifikia mapatano na upande wa Kanisa, ikanunua fresko, na ikamwajiri Steffanoni yule yule aliyefanya kazi ya Mur ili azibandue. Zilishushwa za Taüll, za Boí na za makanisa mengine ya Pirenei.

*1924 na kuendelea.* Fresko zikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho katika bustani ya Ciutadella, Barcelona. Mwaka 1934 zikahamia kwenye kasri la Montjuïc, lililokuwa limejengwa kwa maonyesho ya kimataifa ya 1929. Hilo ndilo linaloitwa leo Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalonia.

Uamuzi na sababu zake

Mezani mwa Bodi palikuwa na njia tatu, na ni haki kuziona kama wao walivyoziona, bila kuwapa maarifa ambayo sisi tumeyapata baadaye.

Njia ya kwanza ilikuwa kuziacha picha mahali pake na kupigania sheria. Ndiyo njia ambayo msanifu yeyote wa leo angeitaka, na kwao ilikuwa ndoto. Serikali kuu iliyokuwa na uwezo wa kutunga sheria ilikuwa Madrid. Katalonia wakati huo ilikuwa na mamlaka ya kieneo tu, yenye bajeti na mipaka yake. Sheria yenyewe ilipokuja mwaka 1933, miaka 14 ilikuwa imepita tangu Mur. Kwa mwendo wa wanunuzi wa 1919, bonde lingekuwa limekwisha kusafishwa.

Njia ya pili ilikuwa kuzinunua picha na kuziacha ukutani chini ya ulinzi. Hii ingehitaji walinzi katika vijiji visivyo na barabara, paa zikarabatiwe, unyevu udhibitiwe, na kila padri mpya wa parokia aamini kwamba ukuta wa kanisa lake una mmiliki mwingine. Binafsi naona hii ndiyo njia iliyostahili kujadiliwa zaidi. Walau kanisa moja, na Sant Climent lingefaa kuliko yote, lingeweza kujaribiwa hivyo.

Njia ya tatu ni waliyoichagua. Sababu iliyowasukuma zaidi ilikuwa wakati. Fundi wa kubandua alikuwa papo hapo nchini, na kama hawakumwajiri wao angeendelea kuajiriwa na wapinzani wao. Kumchukua mfanyakazi wa mpinzani ulikuwa uamuzi wa akili sana. Kwa pigo moja walipata utaalamu ambao Katalonia haikuwa nao, na wakawanyang'anya wafanyabiashara chombo chao cha kazi.

Picha zinabanduliwaje

Ufundi alioutumia Steffanoni Waitalia wanauita strappo, na inafaa kuujua kwa undani kwa sababu matokeo yote yametoka humo.

Fundi anaanza kwa kusafisha uso wa picha. Halafu anachemsha gundi ya wanyama hadi iwe nyepesi, anaipaka juu ya rangi, na kuibandika vitambaa vyembamba vya pamba, tabaka juu ya tabaka. Kisha anangoja. Katika kanisa baridi la milimani kungoja huko si jambo dogo, kwani gundi isipokauka kazi yote imeharibika. Gundi inapokauka inajikunyata, na katika kujikunyata inaishika ngozi ya rangi na kuivuta itengane na lipu. Fundi anachokoa pembe ya chini na kuanza kuvuta taratibu kwenda juu, akisaidia kwa kisu pale ukuta unapong'ang'ania. Kinachotoka ni ngozi nyembamba sana, imegandamana na kitambaa, picha ikiwa imegeukia ndani. Inakunjwa kama mkeka na kupakiwa juu ya nyumbu.

Karakana ya Barcelona ilimalizia. Mgongo wa ile ngozi ulikwanguliwa hadi ukawa laini, ukabandikwa kitambaa kipya kwa mchanganyiko wa chokaa na kaseini ya maziwa. Baada ya hapo maji ya moto yaliyeyusha gundi ya mbele, vitambaa vya kwanza vikatolewa, na Kristo akaonekana tena. Mwisho kabisa seremala akaunda kiunzi cha mbao chenye mpindo ule ule wa apsi, na ngozi ikavishwa juu yake. Apsi ya Sant Climent katika makumbusho ina urefu wa sentimita 620, upana wa 360 na kina cha 180.

Lipu yenyewe ilibaki Taüll. Ilibaki na kivuli cha picha mahali pengine, kwa sababu strappo haichukui rangi yote, na ilibaki na makovu ya visu. Pamoja na lipu hiyo vilibaki vitu ambavyo mwaka 1920 havikuonwa kuwa na thamani: mipaka ya kazi ya kila siku ya mchoraji, alama za kamba alizopimia, michoro ya awali iliyo chini ya rangi. Huo ndio ushahidi wa jinsi mwashi na mchoraji walivyofanya kazi pamoja kwenye jukwaa moja.

Matokeo

Kwa upande wa picha matokeo ni mazuri kuliko mtu alivyoweza kutarajia. Barcelona ikapata mkusanyiko wa fresko za Romaneski usio na kifani duniani. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka na makanisa kuchomwa, hazina za makumbusho zilihamishiwa mji wa Olot kwa usalama, kisha zikarudi.

Kwa upande wa jengo mambo yalikwenda polepole na bila mpango. Kanisa lilitangazwa jengo la kumbukumbu la taifa mwaka 1931, wakati apsi yake iko tupu tayari. Warekebishaji wa karne ya 20 walipenda jiwe lionekane, ladha iliyotawala Ulaya nzima wakati huo, na lipu zilizobaki zikachukuliwa kuwa uchafu wa nyakati za baadaye. Karibu mwaka 1960 nakala ya fresko ilichorwa ndani ya apsi ili mgeni aone kitu.

Novemba 2000 UNESCO iliyaingiza makanisa tisa ya bonde la Boí katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kisha mwaka 2013 nakala ya zamani ikaondolewa, mabaki ya asili yaliyokuwa bado ukutani yakasafishwa na kuimarishwa, likiwemo tukio la Kaini akimuua Abeli, na ikaanzishwa njia mpya: mwanga wa projekta unairudisha picha nzima kwenye apsi kwa dakika zipatazo kumi. Unaona mistari ya kwanza ikichorwa, rangi zikiingia, Kristo akijitokeza juu ya lipu yake mwenyewe. Halafu mwanga unazimwa na mabaki halisi yanabaki yakionekana.

Uchambuzi: kilichofaulu

Njia bora ya kuupima uamuzi wa 1919 ni kutazama mahali ambapo haukufanyika. Katika jimbo la Soria kuna kanisa dogo la San Baudelio de Berlanga, lenye nguzo moja katikati inayochanua matawi ya matao kama mtende. Mwaka 1922 mfanyabiashara alizinunua fresko zake. Kulikuwa na mashtaka na makelele, na mwisho wake picha zikabanduliwa na kwenda Marekani, zikagawanywa vipande kwa makumbusho mbalimbali. Baadhi zilirudi Hispania mwaka 1957, na bei yake ilikuwa kanisa jingine la Romaneski: apsi nzima ya mawe ya San Martín de Fuentidueña ilifunguliwa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya New York. Anayewalaumu watu wa Barcelona aanze kwa kulitazama jambo hilo.

Jambo la pili lililofaulu ni kwamba Bodi ilinunua apsi nzima nzima. Mfanyabiashara anapenda vipande, maana farasi mmoja au mtakatifu mmoja anauzika peke yake. Folch i Torres na wenzake walisisitiza kuchukua kila kilichoweza kuchukuliwa cha apsi moja, na kukionyesha katika umbo la apsi. Mpindo wa kile kiunzi cha mbao ni uamuzi wa watu waliojua usanifu. Wangeitandaza picha ukutani kama turubai, leo tusingeelewa kwa nini uso wa Kristo umenyoshwa vile.

Na la tatu ni kumbukumbu za 1907. Picha za Mas zilipigwa wakati kila kitu kikiwa mahali pake. Bila hizo, kazi ya 2013 isingekuwa na pa kushika.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa kubwa halikuwa kubandua. Lilikuwa kuondoka.

Mafundi walipomaliza hakukuwa na mpango wowote kuhusu ukuta. Hakuna aliyepewa jukumu la kuchora ramani ya lipu iliyobaki, kuhifadhi sampuli zake, au kuziba makovu ili unyevu usiingie. Mradi ulihesabiwa kwa picha zilizofika Barcelona, na kanisa likawa gamba. Hapa ndipo nasema jengo lilipotea, kwa sababu katika Romaneski ya kijijini lipu na rangi si pambo lililoongezwa baada ya ujenzi. Mwashi wa Taüll alipanga mawe ya bondeni yasiyolingana kwa sababu alijua yatafunikwa. Angejua yataonekana, angeyachonga namna nyingine.

Kutokana na pengo hilo likazaliwa kosa la pili, ambalo limeenea mbali zaidi ya Taüll. Vizazi vitatu vya watalii na hata vya wanafunzi wa usanifu wameingia katika makanisa ya mawe matupu, wakapendezwa na ukimya wake, na kuondoka wakiamini kwamba ndivyo Romaneski ilivyo: kavu, ya kijivu, ya kujinyima. Zimejengwa hata nyumba za mapumziko kwa kuiga jiwe hilo tupu. Watu wa 1123 wangelishangaa. Kanisa lao lilikuwa na lipu ndani na nje, na mnara wenye rangi ulioonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Yale mabaki ya lipu kwenye mnara niliyoyataja ndiyo ushahidi, na kwa muda mrefu yalipuuzwa kwa sababu hayakuafikiana na ladha ya warekebishaji.

La tatu ni makubaliano. Yalikuwa baina ya Bodi na Kanisa, na yalihusu mauzo. Hayakusema nini kitafanyika siku ambapo vijiji vitakuwa na barabara, umeme na wahifadhi wake. Siku hiyo ilifika, na kijiji hakikuwa na karatasi ya kushika. Kifungu kimoja tu kingetosha, kinacholazimisha makumbusho kugharamia utunzaji wa ukuta kwa muda wote inaposhikilia picha.

Nakala ya 1960 ilikuwa jaribio la nia njema, lakini naiona dhaifu. Ilifunika mabaki ya asili kwa zaidi ya miaka 50, na mgeni asiyeuliza aliidhani ndiyo fresko yenyewe. Projekta ni bora kwa sababu haigusi chochote na haimdanganyi mtu. Udhaifu wake ni kwamba inataka giza. Kanisa linazimwa nuru ili Kristo anayesema “Mimi ni nuru” aonekane, na lile dirisha la mashariki, ambalo msanifu wa kwanza alilipanga kwa uangalifu wote ule, linabaki bila kazi.

Suala la kurudisha

Swali linaulizwa kila mwaka: je, fresko zirudi Taüll? Limepata nguvu mpya tangu Mei 2025, Mahakama ya Juu ya Hispania ilipoamuru michoro ya monasteri ya Sijena, Aragon, irejeshwe kutoka makumbusho hayo hayo ya Barcelona. Visa hivi viwili vichanganuliwe kila kimoja peke yake. Picha za Sijena zilibanduliwa baada ya monasteri kuchomwa moto mwaka 1936, katika dharura ya vita, na ubishi wa kisheria ulihusu nani alikuwa na haki ya kuzishikilia. Za Taüll zilinunuliwa.

Kiufundi pia nina wasiwasi. Ngozi ya rangi iliyokwisha kuvutwa mara moja, kukwanguliwa mgongo na kugandishwa kwenye kitambaa kwa kaseini haiwi tena fresko hata ukiipachika kwenye ukuta wake. Inakuwa kitambaa kilichopachikwa ukutani, kwenye hewa ya mlimani yenye baridi kali na theluji. Kuibandua mara ya pili ni kuihatarisha kwa faida ndogo.

Kinachowezekana, na ambacho ningekipigania, ni kulirudishia jengo lipu yake. Bonde lenyewe limeonyesha njia. Katika kanisa la Sant Joan, kijiji cha Boí, dakika chache kwa gari kutoka Taüll, warekebishaji wa miaka ya karibuni walithubutu kupaka lipu kuta za nje na kuweka ndani nakala za michoro, ile ya kupigwa mawe kwa Stefano ikiwemo. Wageni wengine wanalalamika kwamba kanisa linaonekana jipya mno. Lakini ndilo kanisa pekee katika bonde ambamo mtu anaweza kusimama na kupata picha ya ukuta wa 1123 kama chombo kimoja, jiwe na chokaa na rangi. Sant Climent linastahili angalau jaribio kama hilo kwenye apsi mojawapo ya pembeni, kwa chokaa ya namna ile ile, na dirisha likiachwa wazi asubuhi.